Wimbo wa Dakika Nne Uliofika Mapema

"Nipeni redioni zile saa mbili za usiku wa manane ambazo hakuna anayezitaka," alisema mama yangu mdogo mbele ya wazazi mia tatu, "na mwaka ukiisha, walinzi wa mji huu watakuwa wanajua fizikia kuliko hawa watoto mliowalipia ada miaka minne."

Ilikuwa siku ya kutoa zawadi shuleni, na yeye hakuwa hata kwenye ratiba. Alikuwa mtunza maabara, mwanamke wa koti jeupe lenye madoa ya iodini, aliyeitwa jukwaani kushika boksi la vyeti wakati mkuu wa shule akitafuta miwani yake. Mtu mwingine angeshika boksi. Yeye alishika kipaza sauti. Mkuu wa shule, ambaye miwani ilikuwa juu ya kichwa chake muda wote, aliipata papo hapo, lakini alikuwa amechelewa.

Wazazi walicheka. Mgeni rasmi, meneja wa kituo kimoja cha redio, alicheka kuwapita wote, kisha akafanya kosa la watu wanaocheka sana: akajibu.

"Mama, saa hizo ninazo. Saa sita usiku mpaka saa nane. Sasa hivi zinapiga muziki peke yake, hakuna hata mtu. Chukua!"

Alidhani anatania. Jumatatu asubuhi mama mdogo alikuwa mlangoni kwake, na daftari.

Ukoo wetu ni wa watu wapole, kwa hiyo sijui yeye alitokea wapi. Mama, ambaye ndiye dada yake mkubwa, anasimulia kwamba alipozaliwa mkunga alimpiga kibao ili alie, naye akamkazia mkunga macho kama anayeuliza hicho kibao kilikuwa cha nguvu kiasi gani. Siku hizi mji mzima unamwita Mama Maabara, na ana miaka sita hewani. Kipindi chake kinaitwa Pima Ndipo Ucheze.

Studio yenyewe ni chumba cha hatua nne kwa tatu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Ukutani wamebandika trei za mayai ili sauti isigonge na kurudi, na trei moja hadi leo ina unyoya. Kiti kina magurudumu manne, matatu yanafanya kazi. Feni inalia kama mlango wa zamani, kwa hiyo akiwa hewani anaizima, wimbo ukianza anaiwasha, wimbo ukikaribia kwisha anaizima tena. Mtu akimtazama kupitia kioo atadhani anapigana na nzi.

Siri ya kipindi ni kwamba msikilizaji hahitaji saa. Wimbo ndio saa.

"Chukua vikombe viwili vya maji," anasema kwa ile sauti yake ya mtu asiye na haraka. "Kimoja cha moto, kimoja cha baridi. Dondoshea tone moja la wino katika kila kimoja. Usikoroge, tafadhali, mkono wako hauna kazi hapa. Nakupigia wimbo. Kiitikio cha pili kikifika, niambie kikombe kipi wino umeenea kote."

Basi usiku wa manane, mji ukiwa umelala, kuna watu wamekaa na vikombe mbele yao wakisubiri kiitikio. Walinzi wa maghala. Wauguzi wa zamu. Madereva wa malori waliopaki kando ya barabara. Waoka mikate. Akina mama wenye vichanga ambavyo bado havijaambiwa kwamba usiku ni wa kulala. Walinzi ndio huwahi kupiga simu, kwa sababu mlinzi ndiye mtu pekee mjini anayelipwa kutofanya kitu kwa uangalifu.

"Cha moto, Mama Maabara! Cha baridi bado wino umekaa chini kama mgeni asiyejua pa kukaa."

"Kwa nini?"

"Maji ya moto yana fujo."

"Nani ana fujo ndani yake?"

"Vile vidogo. Vile ulivyosema wiki iliyopita."

"Vinaitwaje?"

"Mama, mimi ni mlinzi, usinionee."

"Molekuli. Sema."

"Molekuli."

"Haya, cheza muziki sasa."

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Shuleni walimwachisha kazi, maabara ikageuzwa chumba cha kompyuta, na makabati ya kemikali yakapelekwa kusikojulikana. Wenzake walipokuja kumpa pole aliwapa chai na kuwaambia, "Pole ya nini? Maabara yangu ina watu wengi kuliko yenu." Alisema kwa majivuno, kama kawaida yake, ila lilikuwa kweli. Kipindi kile ndicho maabara pekee iliyombakia. Wakikifunga, atabaki mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe na hana pa kulivaa.

Sasa, katika nyimbo zake zote kuna mmoja aliokuwa akiuamini kama seremala anavyoamini rula yake. Ni wimbo wa bendi ya zamani, gitaa tatu na tarumbeta mbili, wenye dakika nne kamili. Alikuwa ameupima mwenyewe nyumbani, kwenye diski yake, kwa ile saa ya kubonyeza aliyorithi maabara, mara kumi. Mara zote kumi ulitoka dakika nne. Jaribio likihitaji kipimo cha kweli, unapigwa huo.

Ndio uliopigwa usiku wa kamba.

"Leo tunatengeneza saa," alitangaza. "Kata kamba. Funga kitu kizito mwishoni, hata kufuli, kisha uning'inize msumarini. Kutoka msumarini mpaka katikati ya hicho kizito iwe mita moja, si mita na unyayo. Ukivute pembeni kidogo, kidogo nimesema, huchezi bembea, halafu uachie. Kwenda ni moja, kurudi ni mbili. Kila moja ni sekunde moja. Wimbo huu una sekunde mia mbili arobaini. Mtahesabu mia mbili arobaini, pungufu moja, zaidi moja, siwabani. Anayelivuta hilo kufuli ni dunia yenyewe, na dunia haijawahi kuchelewa kazini."

Walinzi walifunga makufuli. Muuguzi wa wodi ya wazazi alifunga mkasi. Kwenye kiwanda cha mikate walifunga jiwe la mizani. Wimbo ukapigwa, tarumbeta zikalia, mji ukahesabu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mlinzi wa ghala la saruji. "Mia mbili thelathini na moja."

"Ulisinzia," Mama Maabara akamwambia.

"Labda, mama," alijibu mlinzi, maana hilo si tusi kwake, ni historia.

Wa pili alikuwa muuguzi. "Mia mbili thelathini."

"Ulikatizwa na mtoto."

"Leo hakuna aliyezaliwa bado."

Wa tatu alikuwa msikilizaji wake wa miaka yote sita, dada wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, ambaye kipindini huitwa Dada Mkate. Huyu hajawahi kukosa jaribio hata moja. Aliwahi kupima joto la tanuri kwa kuangalia karatasi inachukua mistari mingapi ya wimbo kubadilika rangi.

"Mama Maabara, tuko wanne hapa. Tumehesabu kila mtu kimoyomoyo ili tusiambukizane. Mia mbili thelathini, thelathini, thelathini na moja, thelathini."

"Basi kamba yenu ni ndefu. Mmezidisha sentimita nane hivi."

"Tumepima kwa rula ya chuma."

"Rula ya chuma haimsaidii asiyejua inapoanzia."

"Inaanzia sifuri, mwalimu."

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini alikuwa hewani, na mtu aliyeanza kupata sifa kwa kujisifu hunyamaza kwa shida. "Basi Dada Mkate, itakuwa unga umewaingia masikioni. Nendeni mkanawe, usije mkate nao ukahesabiwa vibaya."

Mji ulicheka. Dada Mkate akasema, "Sawa, mwalimu," akakata.

Ile "sawa" naijua. Ni sawa ambayo wanawake wa kwetu huitoa kabla ya kutosema nawe wiki mbili.

Mpaka saa nane ujumbe ulikuwa umeingia arobaini na mmoja. Mia mbili thelathini. Mia mbili ishirini na tisa. Mia mbili thelathini na moja. Aliusoma wote hewani, mmoja baada ya mwingine, akiuongezea mzaha kila mmoja, na akafunga kipindi kwa kuwaambia wasikilizaji wakanunue rula.

Asubuhi alikuwa mezani, hajalala, daftari limefunguliwa. Mume wake ni fundi cherehani. Cherehani zake mbili ziko chumba cha mbele, kwa hiyo nyumba ile haina kona ya ugomvi wa siri. Kila kitu kinasemwa juu ya kelele za mashine.

"Wangapi walikosea?" baba mdogo aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga.

"Arobaini na mmoja."

"Wote walizidisha?"

"Wote. Sentimita nane."

Mguu ukasimama. "Mke wangu, suruali arobaini na moja zikirudishwa kwa kubana, siwezi kulaumu matako ya watu. Naangalia futi yangu."

"Futi yako imevutika tangu tuoane."

"Ndiyo. Lakini nilijua imevutika kwa sababu niliipima."

Mama mdogo aliinamia daftari lake. Mimi ninayeishi kwao, niliyekuwa nakunywa chai pale, na ambaye yeye hunipiga vijembe kila asubuhi kuhusu diploma yangu ya nusu, siku hiyo sikupigwa hata kimoja. Nikajua mambo ni mazito.

Alitoa kamba. Baba mdogo akaikata, wakaipima kwa rula ya chuma, wakafunga mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, wakauning'iniza kwenye msumari wa kalenda. Mama mdogo akaweka diski yake kwenye mashine ya nyumbani. Tukahesabu watatu. Mia mbili thelathini na tisa. Mia mbili arobaini. Mia mbili thelathini na tisa.

"Si nilisema?" akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiyependa anakoelekea.

Kisha akachukua simu, akampigia fundi mitambo wa kituo. "Mwanangu, nipigie ule wimbo wangu wa tarumbeta. Sasa hivi. Sema ni ombi la msikilizaji." Tukawasha redio ndogo ya jikoni. Wimbo ukaanza, mkasi ukaachiwa. Mkasi uleule, kamba ileile, msumari uleule.

Mia mbili thelathini. Mia mbili thelathini. Mia mbili thelathini.

Redioni mtangazaji wa asubuhi alicheka kwa jambo lake mwenyewe.

"Makosa ya watu hayafanani," mama mdogo alisema mwishowe. Alikuwa akisema na daftari. "Huyu anazidisha, yule anapunguza, yanatawanyika kama kuku. Makosa yakifanana, yana baba mmoja. Hilo nimelifundisha miaka ishirini, na jana watu arobaini na mmoja wameniambia, mimi nikawaambia wakanunue rula."

Akavaa viatu.

Fundi mitambo ni kijana wa watu, mtaratibu, anayezungumza na nyaya vizuri kuliko anavyozungumza na binadamu. Alipomwona tu mlangoni aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Mama, mimi niliambiwa."

"Uliambiwa nini? Sijauliza bado."

"Niongeze mwendo. Kidogo tu, asilimia nne. Tangu mwezi uliopita. Kompyuta inashikilia sauti isipande, kwa hiyo mwimbaji hawi kama panya. Mtu hawezi kusikia. Kila saa moja tunapata dakika mbili na zaidi, tunaingiza matangazo."

"Na ile saa ya kwenye skrini, inayohesabu wimbo kurudi nyuma?"

"Nayo inakimbia pamoja na wimbo, mama."

Alikumbuka sasa kwamba matangazo yaliongezeka kipindini kwake. Alikuwa amefurahi. Alidhani biashara imechangamka.

"Mmekimbiza nyimbo tu?"

"Kila kitu kinachotoka kwenye kompyuta. Sijui kuchagua, mama. Ni kitufe kimoja."

Ofisi ya meneja ina kochi ambalo mpaka leo halijatolewa nailoni lililonunuliwa nayo, kwa hiyo hakuna anayeweza kukaa kimyakimya. Mama mdogo alikaa, kochi likalalamika.

"Sekunde tisa," meneja alisema, akitabasamu. "Sekunde tisa kwenye dakika nne, mama yangu. Nani amewahi kufa kwa sekunde tisa?"

"Muulize daktari wa moyo."

"Sikiliza. Redio zote zinafanya."

"Basi redio zote zina mtunza maabara wao atakayewaambia. Mimi niko hii."

Tabasamu likapunguzwa asilimia nne hivi. "Ukitamka hewani kwamba kituo kinakimbiza nyimbo, kesho usije. Zile saa zako zitarudi kupiga muziki bila mtu, kama nilivyokupa. Na usipotamka, unaendelea kama kawaida. Waambie kamba zilikuwa ndefu. Si ulishasema?"

Hilo ndilo lililomchoma. Kutishiwa ameshazoea, ametishiwa na wakuu wa shule wanne na chupa moja ya asidi. Lakini uongo wenyewe ulikuwa tayari umetoka, na kwa kinywa chake. Hakuhitaji kudanganya tena. Alihitaji tu kukaa kimya, na kipindi kingebaki chake.

Alirudi nyumbani, akapika, akala, akalala mchana kama kawaida ya watu wa usiku. Jioni baba mdogo akiwa anatia vifungo alimuuliza, bila kuinua macho, "Utasema nini?"

"Sisemi kitu," akajibu. "Nitapima."

Akaenda kazini na kikapu. Ndani yake kulikuwa na ile mashine ndogo ya diski ya nyumbani, diski yenyewe, kamba, mkasi wa mumewe, na chuma cha kusimamishia vifaa alichoondoka nacho shuleni. Chuma hicho, akiulizwa, husema alikiazima.

Saa sita kamili feni ikazimwa.

"Habari za usiku, wanasayansi. Jana nilimwambia Dada Mkate kwamba unga umemwingia masikioni. Leo nimekuja kupima masikio yangu. Nina imani zile kamba hamjazitupa. Kama umeshaianikia nguo, ondoa nguo. Tunarudia jaribio, mara mbili. Mara ya kwanza wimbo ni uleule, lakini unatoka kwenye diski yangu, kwenye mashine yangu ya nyumbani, nimeisogeza hapa karibu na kipaza sauti. Utasikika kama bendi iliyofungiwa kabatini, mnisamehe. Hesabuni."

Ukasikika hivyo hasa. Tarumbeta zilitoka puani. Dakika nne nzima mji ulisikiliza muziki mbaya kuliko wote uliowahi kurushwa na kituo kile, na nadhani hakuna hata mmoja aliyezima.

Simu zikaingia. Mlinzi wa saruji: mia mbili thelathini na tisa. Muuguzi: mia mbili arobaini, na mtoto wa kiume kilo tatu na nusu. Dereva wa lori: mia mbili thelathini na tisa.

"Vizuri. Sasa wimbo huohuo, kutoka kwenye kompyuta ya kituo. Sauti safi kabisa, kama mlivyozoea. Hesabuni."

Fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, aliweka mikono yote miwili kichwani. Lakini hakuambiwa asiupige wimbo, na yeye ni mtu wa kufuata alichoambiwa. Akaupiga.

Mia mbili thelathini. Mia mbili thelathini na moja. Mia mbili thelathini. Ujumbe ulianguka kama mvua juu ya bati.

"Kamba ni ileile," Mama Maabara alisema. "Kufuli ni lilelile. Dunia, kwa ninavyojua, haijabadilishwa. Kilichobadilika ni nini? Mimi sisemi. Mimi nimeleta kipimo, wanasayansi ni nyinyi."

Kisha simu moja ikaunganishwa, na kwa muda ikasikika mashine ya kukandia unga tu.

"Dada Mkate?"

"Nipo."

"Nimekukosea. Ulipima vizuri, mimi ndiye nilihukumu vibaya. Nilikutukana mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya haohao. Jana ungekuwa na adabu kidogo kama yangu, ungenirudishia."

Mashine ikazunguka.

"Nilitaka," Dada Mkate alisema. "Wenzangu walinikalia simu." Kikasikika kicheko nyuma yake, cha watu watatu. "Yameisha, mama. Ila sasa tuambie, nani anatukatia zile sekunde tisa?"

"Hilo ni swali zuri sana," akajibu. "Na swali zuri huwa nalipigia wimbo."

Akawasha feni.

Meneja alikuwa amelala wakati huo wote. Aliamshwa na sauti getini kwake, akatoka na taulo, akamkuta mlinzi wake ameketi, redio miguuni, kufuli la geti likiyumba kwenye kamba.

"Nini hicho?"

"Naona wameturudishia wimbo mzima leo, bosi," mlinzi akasema kwa heshima zote. "Halafu wameukata tena. Wewe umepata ngapi?"

Asubuhi alifika ofisini na barua ya kumwondoa mama mdogo ikiwa imeshaandikwa kichwani, imebaki kuchapwa. Mama mdogo alikuwa ameshafika, kikapu miguuni. Hakuwa amekuja kuomba. Alikuwa amekuja kuchukua chuma chake. Lakini hakuwa peke yake kwenye kochi la nailoni. Pembeni yake alikaa mfanyabiashara wa magodoro, mteja mkubwa kuliko wote wa kituo kile, ambaye tangazo lake la dakika nzima lilikuwa likisikika kila saa, mchana na usiku, mpaka watoto wanaliimba.

"Mlinzi wangu wa ghala amenipigia saa tisa usiku," mfanyabiashara alisema. "Saa tisa! Nikajua ghala limeungua. Ananiambia, bosi, kwa vile kamba ilikuwa bado inaning'inia, nimelipima na tangazo letu. Dakika yako ina hamsini na nane."

"Ni teknolojia tu, mzee," meneja akaanza.

"Nikakata kamba mwenyewe. Tangazo la saa kumi, hamsini na nane. La saa kumi na moja, hamsini na nane. La saa kumi na mbili mke wangu akahesabu, kwa sababu haniamini, akapata hamsini na saba." Akajiinua, kochi likapiga kelele. "Mimi nikimuuzia mtu godoro la futi sita likapungua karibu inchi tatu, ataniletea miguu yake dukani niione ikining'inia. Sekunde zangu za mwezi mzima ziko wapi?"

Meneja alimtazama mama mdogo. Mama mdogo alitazama dari. Kitufe kilikuwa kimoja, na hakijui kuchagua.

"Tutarekebisha," meneja alisema. "Leo hii."

"Nani atapima?"

"Mafundi wetu."

"Hapana, ndugu yangu. Mafundi wako wamenipimia mwezi mzima." Akamnyooshea kidole Mama Maabara, bila adabu lakini kwa heshima. "Nitabaki hapa kama atapima huyu. Na tangazo langu la usiku liingie kwenye kipindi chake, lihesabiwe na watu wake. La sivyo, redio ni nyingi."

Nimemuuliza mara nyingi mama mdogo alisema nini dakika ile. Yeye husema alikaa kimya kwa unyenyekevu. Fundi mitambo, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, anasema aliuliza hivi: "Meneja, ile barua ya kunifukuza unaniandikia, au nikupe kalamu?"

Barua haikuandikwa. Kitufe kilirudishwa sifuri kabla ya chakula cha mchana, na mama mdogo akasimama nyuma ya fundi mpaka alipokiona kwa macho. Wiki iliyofuata wakaja wateja wengine wawili, mmoja wa mabati na mmoja wa miwani, wote wakitaka matangazo yao yaingie usiku wa manane, muda ambao zamani ulitolewa bure kama nyongeza kwa anayelipia mchana. Meneja sasa humwambia kila mtu kwamba kupima dakika lilikuwa wazo lake. Mama mdogo amemwacha. Anasema mtu asiyeweza kuhesabu mpaka sitini lazima apewe kitu cha kujivunia.

Kila Jumatatu, kabla ya jaribio la kwanza, tangazo moja linachaguliwa, feni inazimwa, na wasikilizaji wanalihesabu. Dada Mkate ndiye anayetoa jibu. Juzi lilipungua sekunde moja, likarudishwa kwa mwenyewe akalirekodi upya.

Bei mpya zimebandikwa mlangoni mwa studio, kwa maandishi ya mkono ya meneja. Tangazo la dakika moja mchana ni elfu arobaini. Kwenye kipindi cha Mama Maabara ni elfu sitini na tano.